Zege la kokoto za kifusi: dalili za matatizo, visababishi vyake na hatua za kuchukua

Mwongozo huu unahusu zege la kimuundo, yaani zege la msingi, nguzo, bimu na slabu, ambalo sehemu ya kokoto zake imetokana na zege la zamani lililovunjwa, likasagwa na kuchekechwa. Katika jiji kama Dar es Salaam, ambako malori huleta kokoto za mwamba kutoka Lugoba na kwingineko mkoani Pwani huku kifusi cha majengo yanayobomolewa kikimwagwa mabondeni, sababu ya kutaka kukitumia kifusi hicho inaeleweka bila maelezo mengi. Kazi hiyo inawezekana. Huko Garston nchini Uingereza, katikati ya miaka ya 1990, taasisi ya utafiti wa majengo ilijenga ofisi ambayo zege la msingi, nguzo na sakafu zake lilitumia kokoto za jengo la ghorofa lililobomolewa katikati ya London.

Hata hivyo, malalamiko ya mafundi na wasimamizi wanaojaribu kokoto hizi yanafanana sana, na ukiyachunguza utaona kwamba karibu yote yanaanzia katika mambo mawili: maji ambayo hayakupimwa na kifusi ambacho asili yake haijulikani. Kila kokoto ya kifusi ni jiwe lililogandwa na mota ya zamani, yaani mchanga na saruji vilivyoshikana, na mota hiyo ina vitundu vingi vinavyonyonya maji. Kokoto nyingi za mwamba hunyonya maji yasiyozidi asilimia 1 au 2 ya uzito wake, ilhali kokoto za zege lililosagwa hunyonya kati ya asilimia 3 na 10, na ni nyepesi zaidi. Ndiyo maana viwango vya nchi mbalimbali vimeziwekea mipaka. BS 8500 cha Uingereza kimetumia kwa muda mrefu kikomo cha asilimia 20 ya uzito wa kokoto nene katika zege la kawaida la kimuundo, na Japani huzigawa katika madaraja matatu, ambapo daraja la juu halitakiwi kunyonya zaidi ya asilimia 3, la kati asilimia 5, na la chini asilimia 7, hili la mwisho likiwa si la kujengea muundo wa jengo.

Katika kila dalili iliyoelezwa hapa chini, visababishi vimepangwa kuanzia kile kinachotokea mara nyingi zaidi. Anza na ukaguzi ambao hauhitaji maabara kabla ya kubadilisha vipimo vya mchanganyiko.

Zege linakakamaa kabla ya kumwagwa

Hili ndilo lalamiko la kwanza katika karibu kila eneo la ujenzi. Zege linatoka kwenye mashine likiwa laini, slampu (kipimo cha ulaini wa zege bichi) ikiwa milimita 100 kama ilivyokusudiwa, lakini baada ya robo saa, likiwa bado kwenye toroli, limekuwa zito kiasi kwamba vaibreta ikichomolewa inaacha shimo lisilojifunga. Saidia fundi anachota maji kwenye pipa na kuyaongeza bila kuyapima, na hapo ndipo matatizo mengine yote ya mwongozo huu yanapoanzia.

Kisababishi kikuu ni kokoto kuingia kwenye mashine zikiwa kavu. Chukua mchanganyiko wenye mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, maji lita 25 na kokoto kilo 150, ambapo theluthi moja ya kokoto, yaani kilo 50, ni za kifusi. Ikiwa kokoto hizo zinanyonya asilimia 6 na zimekaa juani hadi zikakauka kabisa, zitanyonya takriban lita 3, na sehemu kubwa ya maji hayo itanyonywa katika dakika chache za mwanzo. Zege limepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya maji yake bila mtu yeyote kuona. Fundi anayeongeza maji kwa kukadiria kwa macho hataongeza lita 3. Ataongeza lita 5 au 6, na ile ziada itabaki ndani ya uji wa saruji na kuudhoofisha.

Ukaguzi wake ni rahisi na unaweza kufanyika palepale. Loweka takriban kilo 2 za kokoto kwa saa 24, zichuje, kisha zifute kwa kitambaa hadi ule mng'ao wa maji juu yake utoweke, na uzipime. Baadaye zikaushe kwenye karai juu ya jiko huku ukizigeuzageuza, mpaka uzito uache kupungua. Zikipima gramu 2,120 zikiwa zimeshiba maji na gramu 2,000 zikiwa kavu, tofauti ya gramu 120 ikigawanywa kwa 2,000 inakupa asilimia 6. Sampuli nyingine uichukue moja kwa moja kwenye rundo asubuhi ya siku ya kazi, uikaushe vivyo hivyo, nawe utajua zina unyevu kiasi gani tayari. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo maji ambayo kokoto zitayadai kutoka kwenye zege lako. Ikiwa una mzani na jiko, huna sababu ya kubahatisha.

Suluhisho linalofanya kazi mara nyingi ni kumwagilia rundo siku moja kabla, kulifunika kwa turubai, na kuliacha lichuje usiku kucha. Kokoto ziwe na unyevu ndani lakini zisiwe zinatiririka maji juu yake, kwa sababu maji ya juu hukusanyika kati ya jiwe na saruji mpya, mahali ambapo mshikamano unahitajika zaidi. Pale ambapo rundo haliwezi kuloweshwa mapema, ongeza maji yaliyokokotolewa kufidia unyonyaji, na uchanganye kwa hatua mbili: kwanza kokoto, mchanga na nusu ya maji, halafu saruji, na mwishoni nusu iliyobaki. Saruji inayokutana na kokoto zenye unyevu hujipaka juu yake na kuingia kwenye nyufa ndogo za mota ya zamani, na mara nyingi nguvu ya zege huongezeka kidogo bila kuongeza saruji.

Ikiwa kokoto zilikuwa na unyevu wa kutosha na bado zege linakakamaa, tazama vumbi. Usagaji wa zege huzalisha unga mwingi unaonata kwenye kokoto. Tia kiasi kidogo kwenye ndoo ya maji safi na uzikoroge. Maji yakigeuka mazito kama uji, kokoto zinahitaji kuoshwa. Chembe ndogo zinazopita kwenye chekeche la milimita 5 zisitumike katika zege la kimuundo hata kama zinaonekana kama mchanga mzuri, kwa kuwa ndizo zenye mota nyingi zaidi na hunyonya maji kupita kiasi. Tumia mchanga wa kawaida, na chembe hizo zipelekwe kwenye kazi ya kujaza ardhi.

Kisababishi cha tatu ni joto na umbali: kazi ya saa saba mchana, toroli linalosubiri foleni, mbao zisizoloweshwa. Cha nne, ambacho ni nadra zaidi lakini kizito, ni jipsamu iliyosagwa pamoja na zege, kwani hubadilisha mwendo wa saruji kushika. Ukiona vipande vyeupe laini vinavyokwaruzika kwa ukucha, simamisha kazi na urejee kwenye sehemu ya nyufa hapa chini.

Zege ambalo limeanza kushika lisirudishiwe maji wala kusukumwa ndani ya nguzo. Kama ulaini zaidi unahitajika, tumia dawa ya kulainisha zege kwa kipimo cha mtengenezaji, na iingizwe wakati wa kuchanganya.

Kyubu zinavunjika kabla ya kufikia nguvu iliyokusudiwa

Kyubu ni vipande vya zege vya umbo la mchemraba vinavyovunjwa ili kupima nguvu yake. Matokeo ya siku 7 yakiwa chini, hofu ya kwanza huelekezwa kwenye kokoto za kifusi. Kabla ya kuzihukumu, pima uzito wa kyubu zenyewe. Kyubu ya milimita 150 ya zege la kawaida lililoshindiliwa vizuri huwa na uzito wa takriban kilo 8.1, na yenye sehemu ya kokoto za kifusi inaweza kuwa karibu kilo 7.8. Ukipata kilo 7.4, ama kyubu haikushindiliwa na ina mapango ndani, ama kokoto zina matofali mengi. Hakikisha pia kwamba zilijazwa kwa tabaka tatu, zikashindiliwa kila tabaka na zikatunzwa ndani ya maji, kwani kyubu iliyoachwa juani pembeni ya stoo haisemi lolote la kuaminika kuhusu zege lililomwagwa.

Kama kyubu zilitengenezwa ipasavyo, kisababishi cha kawaida ni yale maji yaliyoongezwa pembeni. Lita 5 zilizoongezwa juu ya 25 kwa mfuko mmoja husogeza uwiano wa maji na saruji kutoka 0.5 hadi 0.6, na hakuna kokoto, ya mwamba au ya kifusi, itakayorudisha nguvu iliyopotea hapo. Kinachofuata ni vumbi. Utalitambua kwa kutazama kyubu iliyovunjika: mawe yakiwa yamechomoka mazima na kuacha mashimo safi, saruji haikuyashika. Mpasuko ukiwa umepita katikati ya mota ya zamani au katikati ya kipande cha tofali, basi udhaifu uko ndani ya kokoto zenyewe.

Tofali linastahili kuzungumzwa peke yake, kwa sababu kifusi cha nyumba zetu nyingi si zege. Kuta za nyumba za mijini Tanzania kwa kawaida ni za tofali za mchanga na saruji zisizo na nguvu kubwa, zilizopigwa lipu juu yake, huku zege halisi likiwa kwenye msingi, nguzo, linta na slabu tu. Mtu akisaga nyumba nzima kwa pamoja, anachopata ni mota iliyosagwa yenye kokoto chache ndani. Hesabu kwa mkono: chukua kilo 10 kutoka sehemu mbalimbali za rundo, tenga zege, tofali, vigae, lami, mbao na kioo, na upime kila fungu. Rundo ambalo fungu lake la zege na mawe halifikii kilo 9 lisiingie kwenye muundo wa jengo. Laweza kutumika vizuri chini ya sakafu ya nje au kwenye barabara ya kuingilia.

Kuna kosa jingine la vipimo ambalo hupita bila kuonekana. Mafundi hupima kwa karai au ndoo, na kwa kuwa kokoto za kifusi ni nyepesi, karai moja ya kifusi haina uzito sawa na karai moja ya kokoto za mwamba. Uwiano uliokokotolewa kwa uzito ugeuzwe kuwa karai baada ya kupima karai la kila aina, si kwa kudhani kwamba yanalingana.

Asilimia yenyewe ya kokoto za kifusi nimeiweka mwisho kwa makusudi. Majaribio ya miaka mingi katika nchi nyingi yanaonyesha kwamba hadi takriban asilimia 30 ya kokoto nene, zikiwa safi na zenye unyevu unaofaa, nguvu ya mgandamizo hubadilika kidogo tu. Kwa hiyo zege lenye asilimia 20 ya kifusi likipoteza theluthi ya nguvu yake, kupunguza asilimia hiyo hadi 10 hakutatibu chochote, kwani kisababishi kiko kwenye maji, vumbi au tofali.

Onyo: kyubu za siku 28 zikiwa chini ya kiwango na zege tayari limemwagwa, usiondoe mirunda na usiendelee na ghorofa inayofuata. Mwite mhandisi wa miundo aliyesajiliwa aamue kama zege likatwe vipande vya silinda kwa ajili ya kupimwa. Nyundo ya kupima ugumu wa uso inasaidia kulinganisha sehemu moja na nyingine, lakini peke yake haitoshi kuthibitisha kwamba nguzo ni salama.

Mchanganyiko mmoja ni mzuri, unaofuata ni mbovu

Karibu kila mara, hapa rundo limechanganya vifusi vya majengo tofauti. Kagua stakabadhi au muulize dereva kila lori lilitoka wapi. Weka marundo tofauti kwa kila chanzo, pima unyonyaji wa kila rundo, na usichukue kokoto za chini kabisa zilizogusana na udongo. Mvua iliyonyesha juu ya nusu ya rundo nayo inatosha kuleta tofauti hiyo. Pale ambapo chanzo cha lori hakijulikani, lirudishwe.

Nyufa na slabu inayolegea

Swali la kwanza ni lini ufa ulionekana. Nyufa fupi zinazotokea saa chache baada ya kumwaga, hasa siku ya upepo, zinatokana na uso kukauka kabla zege halijashika, na kokoto kavu huzidisha hali hiyo kwa kunyonya maji kutoka chini wakati jua linayanyonya kutoka juu. Funika kwa karatasi ya nailoni mara tu baada ya kusawazisha, kisha mwagilia mfululizo kwa siku 7 au zaidi. Kumwagilia asubuhi na jioni tu, huku uso ukikauka mchana kutwa, hakutoshi.

Nyufa zinazojitokeza baada ya wiki au miezi, zikivuka slabu kwa mstari ulionyooka, kwa kawaida ni za kusinyaa. Zege la kokoto za kifusi husinyaa zaidi, kwa kuwa mota ya zamani haina ukakamavu wa jiwe wa kuuzuia uji wa saruji usijivute. Kadiri asilimia ya kifusi na wingi wa maji vinavyopanda, ndivyo nyufa zinavyoongezeka.

Slabu au bimu inayopinda katikati bila kuvunjika ina maelezo yanayokaribiana na hayo. Zege hili hupungua ukakamavu kuliko linavyopungua nguvu, hivyo kyubu zaweza kufaulu kabisa na slabu bado ikalegea zaidi ya ilivyokokotolewa, na kuendelea kulegea polepole chini ya mzigo wa kudumu. Kagua kwanza kama mirunda iliondolewa mapema, kosa ambalo ni la kawaida zaidi. Kama sivyo, suala ni la usanifu: mhandisi alipaswa kuambiwa tangu mwanzo kwamba kokoto za kifusi zitatumika, ili atumie thamani ndogo ya ukakamavu na pengine aongeze unene wa slabu. Kubadilisha aina ya kokoto baada ya michoro kukamilika, bila kumweleza aliyeichora, ni kumnyima taarifa aliyotegemea katika hesabu zake.

Nyufa zinazofanana na ramani, zinazosambaa pande zote na kupanuka miezi mingi baadaye, huashiria zege linalovimba kutoka ndani. Kisababishi kinachoshukiwa kwanza ni salfeti kutoka kwenye jipsamu ya dari na lipu, na baada ya hapo mmenyuko kati ya alkali ya saruji na aina fulani za mawe au kioo. Kiwango cha Ulaya cha kokoto, EN 12620, kina daraja la kokoto zilizorejelewa ambalo salfeti inayoyeyuka katika maji haizidi asilimia 0.2, na kipimo hicho hufanyika maabara tu. Hakuna dawa ya kupaka juu inayosimamisha uvimbe huo. Kinachozuia ni kung'oa dari zote za jipsamu kabla jengo halijaguswa na nyundo.

Onyo: ufa wa mshazari karibu na mahali bimu inapokalia nguzo, au ufa wowote unaozidi kufunguka kati ya asubuhi na jioni, haufanyiwi majaribio. Watu watoke, eneo lizungushiwe uzio, na mhandisi aitwe siku hiyohiyo.

Madoa ya kutu na zege linalobanduka juu ya nondo

Katika miji ya pwani, dalili hii ichukuliwe kwa uzito kuliko zote. Zege la jengo lililokaa miaka mingi karibu na bahari limenyonya chumvi, na zege la zamani la mjenzi aliyetumia mchanga wa ufukweni au maji ya kisima chenye chumvi lilikuwa na chumvi tangu siku ya kwanza. Ukilisaga na kulitumia upya, unaipeleka chumvi hiyo moja kwa moja kwenye nondo mpya, ambazo zitaanza kula kutu hata kama zege linalozifunika ni nene na halina nyufa.

Ukaguzi wa kwanza ni wa macho, na ufanyike kabla ya kubomoa: jengo la zamani ambalo nondo zake zimevimba kwa kutu na kusukuma zege nje halifai kuwa chanzo cha kokoto za muundo wenye nondo. Kuosha kokoto huondoa chumvi ya juu, lakini ile iliyofungwa ndani ya mota hubaki, hivyo kuosha kusichukuliwe kuwa tiba. Peleka sampuli maabara ipimwe kloraidi, yaani ile sehemu ya chumvi inayoharibu nondo. Viwango vya Ulaya huweka kikomo cha asilimia 0.4 ya uzito wa saruji kwa zege la kawaida lenye nondo, na vipo vikomo vya chini zaidi, kikiwemo 0.2. Katika hesabu hiyo jumlisha chumvi ya mchanga, maji na dawa, kwa kuwa nondo haibagui chumvi imetoka wapi.

Visababishi vingine ni nondo kutofunikwa kwa unene wa kutosha na zege lenye mapango, ambalo hutokea kwa urahisi pale kokoto zenye pembe kali zinapokwama kati ya nondo zilizosongamana. Hayo hurekebishika katika umwagaji unaofuata kwa kutumia vipande vya kuinulia nondo na kokoto za ukubwa mdogo zaidi. Nondo iliyokwisha kuanza kuliwa ndani ya nguzo au bimu, hata hivyo, si kazi ya lipu. Kuziba kwa mota bila kupima nondo imebaki na unene gani kunaficha hatari na kuiacha iendelee.

Vishimo na vipande vinavyochomoka juu ya uso

Vishimo vidogo vinavyotokea siku au wiki chache baada ya kumwaga husababishwa na uchafu: vipande vya mbao vinavyovimba, udongo wa mfinyanzi, jipsamu, au vipande vya alumini kutoka fremu za madirisha, ambavyo humenyuka na alkali ya saruji na kutoa gesi. Vichache kwenye sakafu vinaweza kuchimbuliwa na kuzibwa. Vikiwa vingi, au vikionekana kwenye nguzo, rundo lote liondolewe na mhandisi akague.

Katika uchafu huohuo kuna kimoja kisichoruhusu ukaguzi wa mkono hata kidogo. Majengo ya zamani, zikiwemo shule na nyumba za taasisi, yana mapaa ya shiti za asbesto, na shiti hizo zikiingia kwenye mashine ya kusaga, nyuzi zake huenea hewani na kuingia mapafuni mwa wafanyakazi na majirani. Ukiona vipande vya kijivu vyenye mawimbi na nyuzinyuzi pembezoni, zima mashine, lowesha rundo, waondoe watu na uwaite wataalamu wa usalama mahali pa kazi kabla ya mtu yeyote kuligusa tena.